Nyumba ya Bel-Air na wakili wa komisionere: jibu kwa Mama wa Kolwezi

Swali la msomaji:

"Jambo Metre. Mimi na bwana yangu tunafanya kazi Kolwezi, mimi hospitalini, yeye gereji ya magari makubwa. Tumepata nyumba Lubumbashi, kartie Bel-Air, komini Kampemba, ili watoto wetu wawili wanaosoma Unilu, chuo kikuu cha Lubumbashi, waache kupanga. Mwenye nyumba anataka dola 48,000. Komisionere anasema tusijisumbue kutafuta wakili, yeye ana wake anayelijua faili lote, na gharama tutagawana na muuzaji. Shemeji yangu anasema tumchukue wakili wa hapa Kolwezi aliyetusaidia kwenye mambo ya mirathi. Niko katikati. Wakili wa kununua nyumba anachaguliwa vipi? Aksanti."

Jibu:

Mama, nianze na komisionere, yaani dalali wa nyumba, maana hatari iliyo karibu yenu zaidi iko kwake. Komisionere analipwa nyumba ikiuzwa. Isipouzwa, ametembea bure na jua lote la Lubumbashi. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Lakini wakili anayekuja naye alipewa kazi na yeye mwezi uliopita, na anangoja kupewa nyingine mwezi ujao. Ninyi mtaonana naye mara moja, basi. Siku atakapofungua daftari la konservasio, ile ofisi ya hati za ardhi, akakuta jambo baya, atampigia nani simu kwanza? Wapo wenzangu waaminifu wanaofanya kazi kwa njia hiyo, nawajua, tunakunywa chai pamoja. Hata hao sitaki uwaweke kwenye jaribu hilo kwa dola 48,000 zako.

Na hilo la "tutagawana gharama" linasikika kama bahati, kumbe lina maana moja: wakili mmoja, wateja wawili. Muuzaji anataka pesa ifike haraka, mnunuzi anataka pesa ichelewe mpaka kila kitu kiwe wazi. Mtu mmoja hawezi kuharakisha na kuchelewesha kwa wakati mmoja. Muuzaji awe na wake, au asiwe na mtu, shauri yake. Wewe uwe na wako, umlipe mwenyewe, akutii mwenyewe.

Kuhusu wakili wa Kolwezi, shemeji yako hana kosa la sheria. Wakili wa baro ya Lualaba, yaani chama cha mawakili cha jimbo lenu, anaruhusiwa kufanya kazi Lubumbashi. Tatizo ni barabara. Kununua nyumba hakuhitaji ufasaha wa kupanda mahakamani; kunahitaji miguu. Ni kwenda konservasio asubuhi, kuambiwa mwenye ufunguo wa chumba cha madaftari hajafika, kurudi saa nane, kurudi kesho. Aliye umbali wa kilomita kama 300 atamtuma kijana fulani wa hapa, na huyo kijana ndiye atakayekuwa wakili wako wa kweli, bila wewe kumjua wala kumchagua. Mwombe wa Kolwezi akutajie wenzake wawili au watatu wa Lubumbashi, na mwisho asome rasimu ya mkataba kabla hujasaini. Kwa hayo anafaa sana.

Sasa, kabla ya kumchagua mtu, ujue unamchagulia kazi gani. Watu wengi wanadhani wakili "anahamisha nyumba". Hahamishi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ile iliyorekebishwa mwaka 1980, ardhi yote ni ya Serikali. Mtu binafsi anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu, ile iliyoandikwa juu yake *Certificat d'enregistrement*, sisi tunaiita sertifika. Anayetoa karatasi hiyo ni konservatere wa hati za ardhi, hakuna mwingine. Jometa wa kadasta, ofisi ya upimaji wa ardhi, anapima na kuchora. Notere anathibitisha akti ya mauzo, yaani hati ya mauzo, kwamba waliosaini ni wao kweli. Wakili anachunguza, anaandika, anajadiliana na upande wa pili, halafu anasukuma faili kutoka meza hadi meza mpaka sertifika ya zamani ifutwe na mpya itoke kwa jina lako. Hapo ndipo umenunua. Nimepokea ofisini watu waliokaa na akti ya mauzo kabatini miaka 10, ina mihuri mizuri ya notere, wakiamini wana nyumba. Walichokuwa nacho ni ushahidi kwamba walitoa pesa.

Kwa hiyo, swali la kwanza la kumwuliza wakili: "Kazi yako itaishia wapi?" Akisema kwenye akti, au kwa notere, mshukuru uendelee kutafuta. Kazi iishie siku unaposhika sertifika mpya mkononi.

Kujua kama ni wakili kweli ni rahisi, na ajabu watu hawaulizi. Hapa mjini kila mwenye mkoba na tai anaitwa Metre, jina la heshima la wakili. Wakili wa haki ameandikwa kwenye baro, na kwa Lubumbashi ni baro ya Haut-Katanga. Ana kadi na namba ya chama cha mawakili cha taifa, ile inayoitwa namba ya ONA. Andika jina na namba, nenda au mtume mtoto wako wa Unilu kwenye sekretarieti ya baro, waulize mambo mawili: yuko kwenye orodha kuu au bado ni stajeri, na je, amesimamishwa? Stajeri ni wakili anayejifunza chini ya mkubwa wake. Anaweza kukimbiza karatasi vizuri kuliko mzee, lakini mkubwa wake asaini makubaliano pamoja naye. Halafu kuna difenseri wa mahakama. Wapo hodari sana, ila hao ni kundi lingine, chini ya utaratibu mwingine, na ukiwa na malalamiko hautakwenda kwa batonie, mkuu wa baro. Ujue tu unayeongea naye ni nani.

Jina kubwa lisikudanganye. Wakili anayesikika redioni kwa kesi za jinai pengine hajaingia konservasio miaka 5. Mwulize: ni mutasio ngapi, yaani kuhamisha nyumba kwa jina jipya, amemaliza mwaka huu na uliopita, na katika konservasio ipi? Lubumbashi ina zaidi ya konservasio moja, kila moja na eneo lake, madaftari yake, na tabia zake. Wa Bel-Air yako ajue bila kufikiri ni mlango upi anagonga. Akianza kusema "tutaangalia", amekujibu.

Tuje kwenye jambo ambalo ningependa usome mara mbili: uchunguzi kabla ya pesa. Nikueleze lililonifundisha mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja bwana mmoja kutoka Likasi. Alikuwa ameshatoa avansi ya nyumba, yaani pesa ya kutanguliza, mkataba ameandikiwa na wakili wa muuzaji, alitaka tu mimi "nipitishe macho". Alinipa fotokopi ya rangi ya sertifika, nzuri, kila kitu kinasomeka: jina la muuzaji, namba ya kadasta, volimi na folio, yaani kitabu na ukurasa wake konservasio. Nikamwuliza orijinali iko wapi. Akasema muuzaji ameihifadhi kwa kaka yake Kinshasa, kwa usalama. Nikaigeuza ile fotokopi. Nyuma nyeupe. Nikakaa nayo dakika nzima, maana sertifika ina mgongo, na mgongoni ndiko kunakoandikwa mizigo ya nyumba. Mtu alikuwa amepiga kopi upande mmoja tu. Nilikwenda konservasio na barua ya maombi, nikangoja, siku ya tatu karani akafungua volimi ile kwenye folio ile, na pale chini kulikuwa na ipoteki, yaani rehani ya benki, haijafutwa. Orijinali haikuwa Kinshasa wala haikuwa kwa kaka. Ilikuwa kwenye sanduku la benki, umbali wa dakika 10 kwa miguu kutoka tulipokuwa tumesimama. Avansi ile bwana wa Likasi aliipata nusu, baada ya mwaka. Wakili aliyemwandikia mkataba alisema hakuulizwa habari za ipoteki, na kwa kweli hakuulizwa.

Ndiyo maana swali langu la pili kwa wakili ni hili: "Kabla sijatoa dola moja, utaniletea nini kwa maandishi?" Jibu zuri linataja daftari la konservasio kwanza. Sertifika ipo mara mbili: moja inabaki imefungwa kwenye kitabu cha konservasio, nyingine anapewa mwenye nyumba. Hizo mbili zinalinganishwa neno kwa neno, mbele na nyuma. Kisha kadasta: wakili aende Bel-Air na jometa, wayatafute mawe ya mpaka, wapime, waone kama ukuta wa jirani umeingia ndani ya lupango, yaani kiwanja, au wa kwenu umetoka nje. Kisha grefi, ofisi ya makarani wa mahakama, kuuliza kama nyumba hiyo ina kesi. Na haya yote yakuletewe kwenye ripoti yenye tarehe na saini yake. Wakili anayesema "nilishaangalia, iko sawa" kwa WhatsApp hajaangalia chochote utakachoweza kumshika nacho kesho.

Aangalie pia tarehe ya sertifika. Sheria inaipa nguvu kubwa sertifika iliyotimiza miaka 2 bila kupingwa. Kabla ya hapo bado inaweza kushambuliwa. Ukiona muuzaji anasema ameishi hapo miaka 20, na sertifika yake ina miezi 7, usikimbie bado, lakini wakili wako arudi nyuma aone ilitokana na nini: mauzo, mirathi, hukumu, au ile ya zamani "ilipotea" ikatolewa nyingine. Hilo neno la kupotea, Mama, mimi likitajwa naagiza kahawa nyingine.

Halafu watu. Nyumba nyingi hapa haziharibiki kwa karatasi za ardhi bali kwa karatasi za familia. Kama muuzaji ameoa, mke lazima akubali na asaini. Kodi ya Familia, yaani kitabu cha sheria za familia, inataka ridhaa ya wote wawili, hata kama sertifika ina jina la bwana peke yake. Kama nyumba ni ya marehemu, usikubali mtoto mkubwa akuambie "nawakilisha wadogo zangu". Wakili adai hati ya mahakama inayotaja warithi na liquidateri, yaani msimamizi wa mirathi, na saini ya kila mmoja, pamoja na yule aliye Ndola, Zambia, anayefanya biashara na hashiki simu. Mkishaingia ndani, huyo ndiye atakayerudi.

Na wakili wako aende kwenye nyumba yenyewe bila komisionere. Siku ya kazi, asubuhi, amsalimie mama anayeuza makala, yaani mkaa, kwenye kona, apite kwa shefu wa kartie. Kuna habari ambazo haziko kwenye daftari lolote: kwamba mpangaji wa nyuma anadai pesa zake za garanti (dhamana), kwamba mwezi jana walikuja wanunuzi wengine wawili na wote walitoa avansi. Wakili anayeona aibu kuongea na mama wa makala hafai kwa kazi hii, hata akiwa na ofisi yenye kiyoyozi katikati ya mji.

Mtakuwa na bahati kwamba Bel-Air ni kartie ya zamani, iliyopimwa. Ingekuwa kule komini Annexe, kartie kama Kalebuka au Kasungami, ningeandika jibu lingine refu zaidi: huko utaonyeshwa fishi (karatasi ya lupango), atestasio (cheti) ya shefu, risiti ya mashamba yaliyokatwa viwanja, na lupango moja inaweza kuwa na wenyewe watatu, kila mmoja na karatasi yake ya kweli. Na hata Bel-Air, ukionyeshwa *livret de logeur*, kile kijitabu cha mwenye nyumba cha zamani, au kontra ya kukodi ya Serikali, ujue hiyo bado si sertifika. Inaweza kuwa mwanzo halali wa kuipata, lakini bei yake haiwezi kuwa ya nyumba yenye sertifika, na wakili wako aseme hivyo mbele ya muuzaji bila kumung'unya. Kama muuzaji ni kampuni au mgeni, aangalie pia muda: wao hawapewi haki ya kudumu kama Wakongomani, wanapewa ya miaka, isiyozidi 25 kila mara, na pengine imebaki miwili.

Sasa pesa ya wakili. Wengi wataomba asilimia ya bei ya nyumba. Mimi nilifanya hivyo miaka mingi, kisha nikaacha, kwa sababu nilijikuta siku moja nikitafuta visingizio vya kutetea nyumba mbaya. Asilimia inamfanya wakili awe komisionere wa pili. Mwombe agawanye kazi sehemu mbili. Ya kwanza ni uchunguzi: bei moja kamili, unailipa hata kama jibu ni "usinunue". Ya pili ni mkataba na mutasio, inaanza tu ukiamua kuendelea, na kipande cha mwisho chake kinalipwa siku sertifika inapotoka. Yaandikwe kwenye karatasi moja, asaini. Wapo watakaokasirika ukiwaomba hivyo. Ni vizuri wakikasirika mapema.

Pesa ya Serikali ni mbali na ya wakili, zisichanganywe kwenye bahasha moja. Haki za mutasio, yaani ada zake, zinatolewa kwa noti de persepsio, karatasi ya Serikali inayotaja kiasi cha kulipa, unalipa benki, risiti inakuwa na jina lako au la bwana yako. Pale wakili anapokuambia "nipe jumla, mimi nitamalizana nao", umepoteza njia ya kujua ngapi ilifika Serikalini na ngapi ilibaki mfukoni, na siku faili likikwama huna risiti ya kuonyesha. Mwambie pia aulize kama muuzaji amelipa kodi ya nyumba ya miaka iliyopita, ile inayopokewa na jimbo. Deni likiwepo, likatwe kwenye bei.

Ile dola 48,000 yenyewe isipite mikononi mwa wakili yeyote, hata mimi. Na isibebwe kwenye mfuko wa plastiki kutoka Kolwezi, kama nilivyoona watu wakifanya, wakalala njiani Likasi na mfuko chini ya mto. Sheria ya 2004 ya kupambana na usafishaji wa fedha, iliyofuatwa na nyingine mwaka 2022, iliweka mpaka wa dola 10,000 kwa malipo ya noti mkononi. Zaidi ya hapo pesa ipite benki. Kwanza msaini kompromi, yaani mkataba wa awali: avansi ndogo, masharti yote ya uchunguzi yameandikwa, na sentensi inayosema avansi inarudi yote kama daftari la konservasio litatoa jambo baya. Kisha akti kwa notere, pande zote zipo, vitambulisho mezani, mke wa muuzaji yupo. Fungu kubwa lihamishwe benki kwa benki siku hiyo, muuzaji akikabidhi sertifika orijinali kwa ajili ya kufutwa. Na libaki fungu la mwisho, tuseme elfu kadhaa, la kulipwa sertifika mpya ikitoka. Muuzaji atanung'unika. Wakili mzuri ni yule anayejua kumfanya akubali huku wote wakicheka.

Kwa kuwa mko Kolwezi, wakili atawaomba prokurasio, yaani hati ya kumpa uwakilishi. Mpeni, lakini iwe maalumu: kufuatilia faili la lupango namba fulani, kuweka na kupokea karatasi konservasio na kadasta. Isimruhusu kununua, kuuza, kuweka rehani wala kupokea pesa kwa jina lenu. Nimeona prokurasio za mstari mmoja, "afanye yote yanayohitajika". Kwa karatasi kama hiyo, mtu angeweza kukununulia nyumba asubuhi na kuiuza jioni.

Nawe na bwana yako mkubaliane mapema sertifika itaandikwa jina la nani. Usiache wakili aamue kwa mazoea, maana mazoea yake ni kuandika jina la bwana. Kama mnataka majina mawili, aambiwe tangu siku ya kompromi, yasije yakarukwa kwenye akti.

Leo jioni mpigie komisionere, umwombe picha ya sertifika, mbele na nyuma. Maneno matamu hayatasaidia, picha mbili tu. Wiki ikipita bila mgongo, tafuteni nyumba nyingine. Zikija, ndipo utafute wakili, umpe picha hizo kama kazi ya kwanza. Na siku konservatere atakapowaita kuchukua sertifika mpya, kabla hujasaini kwenye daftari la kupokelea, ishike karatasi, soma majina yenu herufi kwa herufi ukilinganisha na kadi ya mpiga kura, soma namba ya kadasta, soma ukubwa wa lupango, halafu igeuze. Herufi moja ikikosewa, irudishe pale pale mezani. Ukishatoka nayo, marekebisho yanaanza kuomba faili lake mwenyewe.